Sanjari, Si "Ugonjwa wa Dalili"

Kijikaratasi cha afya kimetufikia hadi hapa Kibugu, Embu, kichwa chake kwa herufi kubwa: "Ugonjwa wa Dalili wa Kurithi wa Muir-Torre". "Wa" tatu kwa mpigo, na msomaji bado hajaambiwa kitu. Ni ugonjwa gani usio na dalili zake?

Maradhi yenyewe wasomaji wa safu hii wanayajua: uvimbe wa tezi za mafuta za ngozi, mara nyingi usoni na kwenye kope, ukiandamana na saratani ya ndani, hasa ya utumbo mpana au ya mji wa mimba. Muir aliandika kisa chake Uingereza mwaka 1967, Torre akaandika chake Marekani mwaka 1968. Baadaye ikabainika kuwa hili ni tawi la maradhi ya Lynch, yatokanayo na hitilafu katika jeni za kusahihisha makosa ya kunakili DNA, mara nyingi ile iitwayo MSH2. Na sayansi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na kamati ya istilahi iliyotunga jina hilo.

Neno lililofasiriwa "ugonjwa wa dalili" ni syndrome la Kiingereza. Wagiriki waliunga syn, yaani pamoja, na dromos, yaani mbio. Mzizi huohuo wa dromos ndio uliompa jina ngamia wa mbio, dromedari. Maana yake, basi, ni mambo yanayokimbia pamoja. Sasa, mabaharia wetu walikuwa na neno la jambo hilo kabla ya kamati yoyote kukaa: vyombo vinavyosafiri kwa kufuatana huenda sanjari. Aliye ufukweni akiona tanga la kwanza hujua mengine yako nyuma. Uvimbe wa kope unaweza kuwa ndilo tanga hilo la kwanza, kwani wakati mwingine huonekana kabla saratani ya ndani haijagunduliwa. Neno lipi jingine linabeba hayo yote kwa silabi tatu?

Wapo wanaotosheka na "sindromu". Ni mgeni asiye na hatia, ila hasemi kitu. Wengine hunitajia UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini, ambamo sindromu ilitupwa nje kabisa na hakuna aliyeililia. Kweli, na waliotunga walifanya vyema, kwa sababu upungufu wa kinga ulitosha kuyatambulisha maradhi. Haya yetu ni tofauti. Ule mwandamano ndio habari yenyewe; ukiuondoa, unabaki na kijipu cha jicho.

Bingwa mmoja wa Nairobi, ambaye hupenda kunisahihisha mbele za watu, anashikilia kwamba sanjari ni kielezi tu, haiwezi kuwa nomino. Kamati nayo, nilipoipendekezea neno hili, ilinijibu kwa barua iliyoanza "Sanjari na barua yako", kisha ikanieleza kwamba neno hilo halieleweki kwa umma.

Hata "kurithi" kunanikera. Huku Embu mtu hurithi shamba mzee akishafariki, tena baada ya muviriga, yaani ukoo, mzima kuketi na kubishana. Jeni yenye hitilafu haingoji matanga. Mtoto huipokea tangu kutungwa mimba, mzazi akiwa hai na pengine bado mzima, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili. Ndiyo maana naandika "sanjari ya ukoo", nami siombi radhi.

Matumizi ya maarifa haya: chokea isiyopona, au inayorudi palepale, isikamuliwe tena, ikatwe kipande kipimwe maabara. Uvimbe ukithibitika ni wa tezi za mafuta, mgonjwa aulizwe ni nani kwao aliyeugua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, hasa kabla ya miaka 50. Mwenye hitilafu hiyo ya jeni huchunguzwa utumbo mpana kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili. Na wingi wa neno langu ni "sanjari hizi", si "masanjari", umbo nililolikuta limebandikwa jina langu katika kumbukumbu za kikao cha kamati ambacho sikualikwa.