Mita 60: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Simu iliita kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa mjomba. "Semeni, ukija kupima kile kiwanja leo, njoo na mama yako." Kabla sijamuuliza kwa nini, akakata.

ENDELEA...

Sikwenda na mama. Nilimwacha uani akichambua mchicha, jani moja moja, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una vidole vinne. Gumba lilinaswa na mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga nikiwa darasa la pili. Sijawahi kumsikia akilalamika. Kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili, fomu za VICOBA huwekewa dole na yeyote aliye karibu, maisha yanasonga.

"Kapime, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Mjomba wako anapenda makubwa."

Saa 2 asubuhi tepu yangu ya mita 50 ilikuwa imelala kwenye majani yenye umande. Mtoto wa jirani alishika ncha yake kwenye ukingo wa Mkundi, mimi narudi kinyumenyume kuelekea bikoni. Kisigino kikagonga zege. Nikatazama mkononi: tepu bado ilikuwa na mita kadhaa za kuvuta. Sikuhitaji hata kusoma, ila kazi ni kazi, nikainama. 41.30. Nikarudia. 41.25.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ramani ya mwekezaji, yenye mhuri na sahihi zake zote, ilionyesha bikoni ile ile ikiwa mita 64.

"Mita 23 zimekwenda wapi, mjomba?"

Alikuwa amesimama chini ya mkuyu, koti begani. Hakuniuliza nimepata ngapi. Aliangalia njia niliyojia, kama mtu anayengoja mgeni wa pili.

"Zimeliwa," akasema. "Unaliona lile fungu la mchanga, katikati ya maji? Pale ndipo palipokuwa ukingo. Shamba la nyanya la bibi yako lilifika pale."

Nikaelewa. Ramani ilichorwa 2011. Januari 2014 yalikuja yale maji ambayo hakuna mtu wa Dumila asiyeyakumbuka, mto ukakata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, mabasi yakapanga foleni pande zote mbili, na wenzetu wa Magole wakahamia kwenye mahema. Maji yalipokupwa, Mkundi haukurudi ulikokuwa. Kwa hiyo mchora ramani hakudanganya. Nimekaa kazini miaka sita nikiwinda waongo wa viwanja, na chuoni hawakunifundisha nimshtaki vipi mto.

"Mama yako yuko wapi?" mjomba akauliza.

"Nyumbani. Kwani ana nini na kiwanja cha mtu wa Dar?"

Hakujibu. Alivaa koti lake, jua limeshaanza kuchoma.

*

Kamati ilikutana saa 5, kwenye chumba kidogo tulichoazimwa hapa hapa Dumila, feni ikizunguka kwa kelele kuliko upepo. Faili la kwanza, duka linaloombewa kugeuzwa nyumba ya kulala wageni, lilipita kwa dakika tano. La pili lilikuwa mashine ya kukoboa mpunga. Majirani walisema pumba zinawaingilia mpaka kwenye sufuria, likarudishwa kwa mwombaji akajenge uzio kwanza. Sikulisemea neno. Mashine hizo nazikwepa tangu utotoni.

La tatu lilipowekwa mezani, hata wale waheshimiwa waliokuwa wanachati wakageuza simu kifudifudi.

Mtu asiyeijua Dumila anaweza kushangaa ugomvi wa nini. Aje asimame njia panda nusu saa tu. Huku barabara ya Kilosa, kule ya Turiani, katikati mabasi ya Dodoma na kwingineko yanasimama, na kabla tairi halijatulia vijana wameshapandisha mahindi ya kuchemsha na mifuko ya vitunguu mpaka usawa wa madirisha. Anayepata kituo cha mafuta na mgahawa pale, amepata. EWURA na NEMC wana zamu yao, lakini mlango wa kwanza ni huu wa matumizi ya ardhi. Shida ni kwamba barabara kuu nayo inadai mita 30 zake kutoka katikati. Toa za mto, toa za barabara, mwekezaji anabaki na nafasi ya kuegesha bodaboda.

Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo hivyo. Ndipo mwakilishi wa mwekezaji, kijana mwenye viatu visivyojua tope, akasimama na kusogeza bahasha. "Viambatisho vilivyokuwa vimebaki, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mkataba wa mauziano."

Ukanifikia mimi kwanza. Muuzaji: jina la mjomba, herufi zake zile zile za kulalia kushoto.

Kwetu Wakaguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Msemaji, si mwenyewe. Dada yake asiporidhia, hapo hakuna mauziano. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Jina la mama lilikuwa pale, limeandikwa na mtu mwingine, na chini yake: dole gumba la kulia. Alama ilikuwa ya zambarau, safi, mistari yote inahesabika kama mawimbi ya mchanga.

Gumba la kulia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasikia sauti yangu, "kabla ya kutoa taarifa ya vipimo, natamka maslahi. Muuzaji ni mjomba wangu. Na dole hili haliwezi kuwa la mama yangu, kwa sababu gumba hilo hana. Miaka zaidi ya ishirini sasa."

Chumba kikavuma. Mwakilishi akakaa. Mwenyekiti alivua miwani, akaukagua ule ukurasa, akamtazama mjomba aliyekuwa ameegemea mlango. Mjomba alikuwa anatazama nje.

"Mzee, nani alibonyeza hapa?"

"Nilimwambia aje na mama yake," mjomba akasema taratibu. "Nilimwambia."

Bodaboda ilizimwa nje. Mama akaingia, kitenge cha asubuhi kile kile, majani ya mchicha bado yamegandia pindoni, mkono wa kulia ameuficha ndani ya khanga. Hakunisalimia. Alipita katikati ya viti mpaka mbele ya meza.

"Hilo dole halali," akasema. "Limewekwa kwa idhini yangu."

"Mama, nani kaliweka?"

Kimya. Mwenyekiti akafungua kikopo cha wino wa mhuri, akakisukuma mezani pamoja na karatasi nyeupe. "Basi aliyeweka aje aweke lingine hapa, tulinganishe."

Mama hakumtazama mjomba. Alinigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona midomo yake inatetemeka.

"Unaukumbuka usiku ule umeme umekatika, mwaka jana?" akaniuliza. "Ukaniuliza, mama, hii ni fomu ya VICOBA?"

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaupeleka kwenye wino.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO