Kontua: Mstari wa Kimo Kimoja

Kontua ni mstari unaochorwa kwenye ramani kuunganisha mahali pote penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Wengi hufafanua kwa maneno "mwinuko sawa". Mimi napendelea "kimo kimoja", kwa sababu mwinuko kwa Kiswahili ni urefu wa mahali, na pia ni ule mpando wenyewe unaochosha miguu, ilhali anayetembea juu ya kontua hapandi wala hashuki. Neno kontua lenyewe limekwisha kuzoeleka, hata kwa wakulima wa milimani wanaopiga matuta kwa kufuata kontua. Tuliache lilivyo.

Uwezo wa mstari huu unaonekana wazi katika karatasi ya Bright Angel, ramani ya Grand Canyon huko Arizona, Marekani. François Matthes, mpimaji wa taasisi ya serikali ya upimaji wa jiolojia, aliianza mwaka 1902, wakati korongo hilo la majabali na jangwa lilikuwa bado halijawa hifadhi ya taifa. Lilikuja kuwa mwaka 1919. Aliweka meza yake ya upimaji ukingoni, akalenga vilele vya ng'ambo kwa rula yenye darubini, akachora palepale, umbo la nchi likiwa mbele ya macho yake.

Uamuzi wake mkubwa ulikuwa tofauti ya kimo baina ya kontua na kontua: futi 50, yaani mita 15 hivi, kwa skeli ya 1:48,000. Kutoka ukingo wa kusini hadi Mto Colorado ni mteremko wa takribani futi 4,500, basi kontua kama 90 zimebanwa katika kipande kidogo cha karatasi. Angechagua futi 250 zingebaki 18 tu, na ngazi za miamba zingefutika. Kwake zinasomeka. Penye tabaka la mawe ya chokaa liitwalo Redwall, genge la takribani futi 500, kontua 10 zinasongamana hadi kuwa utepe mmoja mzito. Chini yake, kwenye uwanda wa Tonto, zinaachana ghafla.

Na kila kontua inapokivuka kijito cha Bright Angel hupinda kama herufi V, ncha ikielekea maji yanakotoka. Hata kabla ya kusoma tarakimu yoyote, msomaji anajua kwamba kijito kinateremka kusini-magharibi kuingia Colorado.