Kujitoa kwa Tanzania katika COMESA

Kujitoa kwa Tanzania katika COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) kulianza rasmi mwezi Septemba 2000, wakati wa serikali ya Rais Benjamin Mkapa, baada ya notisi kutolewa mwaka uliotangulia.

Sababu

COMESA ilianzishwa mwaka 1994 na makao makuu yake yako Lusaka, Zambia. Baadhi ya wanachama walikuwa wakijiandaa kuondoleana ushuru wa forodha, na walifanya hivyo tarehe 31 Oktoba 2000. Tanzania ilihofia kupoteza mapato ya ushuru, na iliona kuwa uanachama wa jumuiya nyingi ni mzigo. Ilibaki katika SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC).

Athari za kiuchumi

Nchi inayojitoa hubaki na haki ya kutoza ushuru, lakini bidhaa zake hukosa unafuu katika masoko ya wanachama. Kwa Tanzania pengo hilo lilipungua baadaye. Umoja wa Forodha wa EAC ulianza tarehe 1 Januari 2005 ukihusisha Kenya na Uganda, na Zambia na Malawi zimo pia katika SADC. Unafuu uliokosekana zaidi ni wa masoko kama Misri na Sudan.

Kibiti na delta ya Rufiji

Wilaya ya Kibiti katika mkoa wa Pwani, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji, inaonyesha kwamba athari hutegemea mahali bidhaa zinapouzwa. Wakulima wake hutegemea korosho na ufuta. Wakazi wa delta hulima mpunga na kuvua kambamiti. Korosho ghafi za Tanzania hununuliwa hasa na India na Vietnam, ambazo hazimo COMESA. Hivyo kujitoa hakukugusa moja kwa moja bei ya mkulima wa korosho. Kinachompunguzia kipato zaidi ni korosho kusafirishwa bila kubanguliwa, kwa kuwa faida ya ubanguaji na ajira zake hubaki kwa mnunuzi. Hata hivyo, mkulima huyo hununua bidhaa za viwandani, na ushuru wake huingia katika bei anayolipa dukani.

Baadaye

Tarehe 10 Juni 2015 mkataba wa eneo huru la biashara la COMESA, EAC na SADC ulitiwa saini Sharm el-Sheikh, Misri. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika (AfCFTA).