Admirali aliyetia maji kwenye ramu

Kila ifikapo Julai 31, wapo mabaharia wastaafu wa Uingereza wanaojiona wafiwa. Tarehe hiyo, mwaka 1970, Jeshi la Majini la Kifalme liligawa ramu kwa mara ya mwisho, na siku yenyewe ikapewa jina la Black Tot Day, siku nyeusi ya kipimo. Kipimo kimekwenda, maneno yake yamebaki. Leo mtu asiyewahi kukanyaga meli huamka na kizunguzungu, awe London au Nairobi, akasema yuko "groggy", asijue kwamba anamtaja admirali mmoja na koti lake.

Kwa habari ya ulevi, Waingereza na jamaa zao wa Marekani hawajapungukiwa maneno. Mwaka 1737 Benjamin Franklin alichapisha katika gazeti lake, Pennsylvania Gazette, orodha ya maneno zaidi ya 200 ya kumwelezea mlevi. Sisi tuna kuutwika, kupiga maji, kulewa chakari, na kuzimua kesho yake asubuhi, lakini ni gazeti gani letu limewahi kuyapa safu nzima?

Wengi hudhani misemo hiyo ya Kiingereza imezaliwa baa. Mingi ilizaliwa kazini, baharini. Hapa namfuata zaidi Kapteni James Pack, mwandishi wa kitabu cha Nelson's Blood, naye ni mtu wa jeshi hilohilo, kwa hiyo msomaji asishangae pipa likipendelewa. Waingereza waliiteka Jamaica mwaka 1655, na ramu ya huko ikaanza kuchukua nafasi ya bia, ambayo ilikuwa ikichacha katika safari ndefu. Baharia alipata nusu painti kwa siku, karibu robo lita, tena kavu. Wengi waliipiga yote kwa mkupuo, kisha wakatakiwa kupanda mlingoti.

Ndipo anapoingia Edward Vernon, shujaa wa kuiteka Portobello mwaka 1739. Alipenda kuvaa koti la grogram, kitambaa kizito kilichokazwa kwa gundi, na mabaharia wakambatiza Old Grog. Agosti 21, 1740, akiwa kwenye meli ya Burford huko Port Royal, Jamaica, alitoa amri: ramu isigawiwe tena kavu. Kila nusu painti ichanganywe na kwati moja ya maji, ambayo ni karibu lita nzima, na igawiwe mara mbili, asubuhi na jioni. Kazi hiyo ifanyiwe sitahani, ndani ya pipa maalumu, mbele ya luteni wa zamu, ili asipunjwe mtu. Baharia mwenye kubana matumizi aliruhusiwa kujinunulia sukari na ndimu akoleze chake. Kwa macho ya leo ni amri ya mtu mwenye huruma. Mabaharia waliona wametiliwa maji kinywaji chao, na wakalipiza kwa ulimi: uji ule mwepesi wakauita "grog". Aliyezidisha akawa "groggy".

Vernon mwenyewe hakuishia pazuri. Alipigana na wakubwa zake kwa vijitabu, na mwaka 1746 akafutwa kwenye orodha ya maadmirali. Hata hivyo jina lake limekaa pakubwa: Lawrence Washington, aliyekuwa chini yake vitani, aliliita shamba lake Mount Vernon, ndilo baadaye likawa makazi ya mdogo wake, George.

Misemo mingine ilitoka kwenye kamba. "Three sheets in the wind" haisemi habari ya mashuka wala matanga. "Sheets" ni demani, kamba za kuongozea tanga, na demani zikifunguka zote tanga hupigapiga na chombo huyumba kama mlevi anayetafuta mlango. Jua likishapita foromali, mti unaobeba tanga, yaani "over the yardarm", ni ruhusa ya kufungua chupa. Nahodha wa jahazi Lamu angeelewa bila kamusi. Wanafunzi wetu wanakaririshwa misemo hii kwa ajili ya mtihani, huku demani na foromali tumewaachia wazee wa pwani.

Kipimo kilipunguzwa mwaka 1824, kikapunguzwa tena katikati ya karne, kikabaki sehemu ya nane ya painti. Kwenye daftari kila baharia aliandikiwa herufi: G kwa mnywaji, T kwa asiyekunywa, ambaye alilipwa peni tatu badala yake. Kipimo kikawa fedha ya melini. Rafiki aliyekushikia zamu alikudai "sippers", funda dogo. Deni kubwa zaidi lilikuwa "gulpers". Kikosi cha Mashariki kilipohamia Kilindini mwaka 1942, desturi hiyo iliteremka nacho Mombasa.

Ugomvi wa mwisho ulifika bungeni Januari 28, 1970, usiku. Mbunge James Wellbeloved alisimama kuitetea ramu kama kinga ya tumbo la baharia mbele ya bahari iliyochafuka. David Owen akajibu kwa niaba ya serikali. Hoja ya wakubwa wa jeshi ilikuwa fupi: meli za siku hizi zina mitambo nyeti, na mkono uliokunywa mchana usiiguse. Ni vigumu kuipinga, ingawa moyo wangu uko na Wellbeloved. Siku ilipofika, wengine walivaa vitambaa vyeusi mkononi, na katika kituo cha Collingwood likapitishwa jeneza kwa ngoma na zumari. Aliyesimamia uamuzi wa kuifuta ramu, Admirali Michael Le Fanu, alikuwa na nywele nyekundu na siku zote wakimwita Ginger. Wakamwongezea neno: Dry Ginger, jina la soda ya tangawizi ya kuchanganyia pombe. Alifariki Novemba mwaka huohuo.

Kanada ilifuata mwaka 1972, New Zealand mwaka 1990. Ramu yenyewe inauzwa madukani tangu 1979 kwa jina la Pusser's. Amri moja tu haijafutwa, "splice the mainbrace", ambayo zamani ilikuwa kuunga kamba kuu ya foromali iliyokatika na sasa ni kumpa kila baharia kinywaji. Malkia Elizabeth aliitoa mwaka 2012, alipotimiza miaka 60 ya utawala.