Wana wa Benedikto katika nchi ya shaba

Benedikto alizaliwa Norcia, Italia, yapata mwaka 480. Alipelekwa Roma kusoma, lakini maisha aliyoyakuta huko yakamchukiza, akaacha masomo na kwenda kujificha katika pango la Subiaco. Akakaa humo miaka 3. Mtawa mmoja, Romano, alijinyima sehemu ya chakula chake ili amteremshie mkate kwa kamba kutoka juu ya jabali, na kwenye kamba hiyo alifunga kengele ndogo ili mkaapweke asikie kwamba chakula kimefika. Tunayajua hayo kutoka kwa Papa Gregori Mkuu, aliyeyaandika mwishoni mwa karne ya 6.

Upweke ule haukudumu, kwa maana watu walimfuata. Subiaco aliwapanga katika monasteri 12, kisha yapata mwaka 529 akapanda Monte Cassino, akaandika Kanuni yenye sura 73. Sala ina saa zake, mikono ina kazi yake, mgeni apokewe kama Kristo. Tena mtunza ghala ayaangalie majembe na vifaa vyote vya nyumba kama vyombo vya altare. Mimi naona hapo ndipo ulipo moyo wa Kanuni nzima.

Watanzania wanawajua watawa wa Kanuni hiyo kwa abasia za Peramiho na Ndanda. Katanga, nchi ya shaba ya Kongo, walifika mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulipoanzishwa. Mwezi Agosti, Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Katanga na kuwakabidhi Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges, Ubelgiji. Aliyewekwa kuiongoza, Jean-Félix de Hemptinne, alikuwa bado hajatimiza miaka 35. Hakuondoka madarakani hadi alipofariki Februari 1958.

Huyu hakuwa mtu wa pangoni. Alijenga misheni na shule, na mwaka 1926 akachapisha maandishi juu ya wafua shaba wa kale wa Katanga, kazi ambayo watafiti wanaitumia mpaka leo. Lakini alikaa karibu mno na wakubwa. Kwa ndevu zake ndefu, wenyeji walisema ni ndugu wa mfalme Leopold II, na uvumi huo ulibeba hukumu ya watu walioona Serikali, Kanisa na kampuni ya madini ya Union Minière vikienda pamoja. Katika enzi hiyo hiyo, tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi weusi wa Union Minière waliokuwa wamegoma, wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Wengi walikufa. Na Placide Tempels, Mfransisko aliyethubutu kuandika kwamba Wabantu wana falsafa yao, alipata katika Monsinyori huyu mpinzani mkali.

Mbegu ya Benedikto naiona zaidi katika uimbaji. Padri Anschaire Lamoral, Mbenedikto, aliunda kwaya ya watoto, ikaitwa Msalaba wa Shaba, kwa kumbukumbu ya vile vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba vilivyokuwa fedha ya wazee wetu kabla ya faranga. Katika malezi hayo ya muziki alitokea Joseph Kiwele, mtunzi wa Misa ya Katanga. Ile Missa Luba ya Kamina iliyokuja kusifiwa ulimwenguni ni ya mwaka 1958; Kiwele alikwisha kutangulia. Mwaka 1960 alikuwa waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga na Kongo, na wimbo wa taifa lile ni tungo yake. Akafariki mwaka uliofuata.

Novemba 1959 Élisabethville ikawa jimbo kuu, na askofu mkuu wa kwanza, Floribert Cornelis, bado alikuwa Mbenedikto. Mwaka 1967 kiti kikashikwa na Mkongomani, Eugène Kabanga. Mwaka 1976, katika barua yake ya kichungaji, aliukemea waziwazi uozo wa utawala wa Mobutu, jambo ambalo de Hemptinne, katika enzi za Wabelgiji, hakulifanya kwa wakubwa wa wakati wake.

Sikukuu ya Mtakatifu Benedikto ni tarehe 11 Julai. Naziomba kwaya za Lubumbashi ziiimbe siku hiyo Misa ya Kiwele, na yeyote aliyebaki na karatasi za nota au picha za watoto wa Msalaba wa Shaba azipeleke kwenye parokia yake zikahifadhiwe.