"Sogea tukae" mbele ya hakimu

Muulize mtu wa Bukoba kama kaoa, huenda akakujibu, "Tunaishi tu." Mtaani hiyo ni ndoa ya sogea tukae. Mahakamani inaitwa dhana ya ndoa, na jina hilo la pili ndilo linalopoteza watu.

Tatizo ni neno dhana. Msomi akilisikia anafikiria wazo, kama dhana ya ujamaa. Wa mtaani anasikia shaka, maana anayedhani hana hakika. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakina maana hiyo wala ile. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, mahakama huwachukua kuwa wameoana hadi anayebisha athibitishe vingine. Mimi ningesema "ndoa ya kuhesabiwa": anayehesabu yupo, na hesabu yaweza kufutwa.

Yafutwa vipi? Bwana anatoa cheti cha ndoa ya kanisani aliyofunga na mwingine, na Kagera makanisa hayakosi. Hata hivyo mama hatoki mikono mitupu. Katika shauri la Hemed Tamim na Renata Mashayo, lililochapishwa katika ripoti za 1994, Mahakama ya Rufani ilisema hata ndoa ikikanushwa, mali waliyochuma pamoja yaweza kugawanywa.

Kifungu cha 160 kinataja mwanamume na mwanamke, kwa hiyo wapenzi wa jinsia moja hakiwahusu. Marekani wapenzi hao waliipigania ndoa yenyewe: Edith Windsor alitozwa kodi ya urithi dola 363,053 baada ya mwenza wake, Thea Spyer, kufariki 2009, ingawa walikuwa wamefunga ndoa Kanada. Mahakama ya Juu ilimpa haki 2013. Ndoa hizo ziliporuhusiwa nchi nzima 2015, baadhi ya waajiri waliwaondolea bima wenza wasiooana: mlango uko wazi, oaneni. Sogea tukae ya kule ikapata hasara kwa ushindi wa wengine.

Kwetu kizungumkuti ni kibanja, yaani shamba la nyumbani. Nyumba ya Kashai, mjini Bukoba, iliyojengwa kwa fedha za wawili ni rahisi kugawa. Kibanja cha ukoo kule Muleba si chao wawili. Binti wa ukoo mwenyewe aliwahi kuzuiwa: Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza 1988 kwa shilingi 300,000, mpwa wake akamshtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, aliikataa mila hiyo 1990 kwa kuwa inabagua. Lakini Holaria alikuwa na wosia. Mke wa kuhesabiwa ana nini?

Ana kifungu cha 114 cha sheria hiyohiyo. Mali ambayo mmoja alikuja nayo huingia kwenye mgawo iwapo mwenzake ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo swali mahakamani halitakuwa kibanja ni cha nani. Jirani aliyezoea kumwita mke huyo Mama Koku ataulizwa mibuni ile ya upande wa chini aliipanda nani, na ilikuwa kabla au baada ya Mama Koku kuhamia.