Mchango wa Hiari: Historia Fupi ya Vyama vya Huduma, na Habari za Kwetu Sekenke

Halmashauri ya Chama Kikuu ilipotutaka tuandike kurasa chache za historia katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi, wengi waliosikia walidhani kwamba tutaandika juu ya dhahabu. Dhana hiyo si mbaya. Mtu akilitaja jina la Sekenke mbele ya mgeni, aghalabu mgeni hukumbuka mambo mawili tu: mlima ambao malori huupanda yakiguna, na dhahabu iliyogunduliwa hapa mwaka wa 1909, wakati wa Wajerumani. Ni dhahabu ya Sekenke iliyopelekwa Tabora mwaka wa 1916, katikati ya vita, zikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo zimo katika makabati ya watu wa ng'ambo wapendao kukusanya vitu vya kale. Sisi tulio wengi hapa hatujapata kuishika hata moja.

Hiyo ni historia ya mali iliyochukuliwa. Sisi tumependelea kuandika historia ya mali iliyotolewa, yaani fedha na jasho ambavyo watu huvitoa kwa hiari yao kwa ajili ya majirani, bila kudai faida. Sababu ya kulichagua jambo hili wanachama wanaijua. Katika Mkutano Mkuu ujao litaletwa pendekezo kwamba kila kilo ya pamba na ya dengu ipimwayo katika mizani zetu ikatwe kiasi kidogo kwa ajili ya kazi za jamii. Wako wanaoliunga mkono na wako wanaolichukia, na pande zote mbili zina hoja. Twaona ni vema wanachama waingie mkutanoni wakijua jinsi watu wengine walivyolishughulikia jambo hili kabla yetu. Basi tuanzie mbali, kisha turudi nyumbani.

Tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, watu wanne walikutana katika ofisi ya mmoja wao. Aliyewaita alikuwa mwanasheria, jina lake Paul Harris. Wenzake walikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mshona nguo, na mhandisi wa migodi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye ofisi ile. Huyu wa mwisho tunamtaja makusudi, kwa kuwa mkazi wa Sekenke hatashangaa kusikia kwamba mtu wa migodi alikuwapo jambo lilipoanza. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na kwa ajili ya zamu hizo chama chao kikaitwa Rotary, maana yake chenye kuzunguka.

Haidhuru kusema kweli: mwanzoni nia yao haikuwa huduma. Walitaka urafiki, na walitaka kuuziana na kununuliana wao kwa wao. Mwaka wa 1906 mwanasheria mwingine, Donald Carter, alikaribishwa ajiunge, akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba chama kinachowafaa wanachama wake peke yao hakina maisha marefu. Harris hakukasirika, bali alimwomba aingie ndani akasaidie kukirekebisha. Mwaka uliofuata chama kikaishika kazi yake ya kwanza ya jamii, nayo ilikuwa kuuhimiza mji wa Chicago ujenge vyoo vya hadhara. Vyoo! Twapenda wanachama walitie jambo hili moyoni. Hawakuanza na jengo lenye jina la mkubwa mlangoni. Walianza na kitu ambacho kila mpita njia alikihitaji na hapana aliyekuwa radhi kukigharimia.

Msomaji atauliza, hayo ya wafanyabiashara wa Chicago yanamhusu nini mkulima wa bonde la Wembere? Yanamhusu, kwa maana Ushirika wetu nao ulipita njia iyo hiyo. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka wa 1844, walikuwa wafumaji na mafundi waliochoka kuuziwa unga mchafu kwa bei ya kunyonya. Walijitafutia chakula chao kwanza. Lakini tangu miaka ya 1850 walitenga sehemu ya ziada yao, asilimia mbili na nusu, kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea na maktaba. Baadaye sana, mwaka wa 1995, Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipokutana Manchester uliongeza kanuni ya saba ya Ushirika, ambayo ni kuijali jamii. Kwa hiyo anayesema kwamba kazi za jamii si kazi ya chama cha mazao, na aisome kanuni hiyo. Hata hapa nchini, KNCU ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka wa 1933, ilitumia sehemu ya mapato ya kahawa kuwasomesha vijana, na matunda yake yalionekana nchi ilipopata uhuru.

Turudi kwa vyama vya huduma. Mwaka wa 1917 bwana mmoja wa bima, Melvin Jones, naye wa Chicago, alianzisha muungano wa vyama vya Lions. Mwaka wa 1925 Helen Keller, mama aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utoto, alisimama mbele ya mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa vipofu. Ombi hilo wamelishikilia hadi leo, na macho ya watu wengi katika nchi nyingi yametibiwa kwa fedha zao. Walakini jambo la Lions tunalotaka wanachama walijue zaidi ni sheria yao ya fedha. Wao hutenga hesabu mbili. Ada ya mwanachama ndiyo inayolipa gharama za chama, kama karatasi, chai na nauli. Fedha iliyoombwa kwa watu wote haiguswi kwa mambo hayo. Yote hurudi kwa watu. Mwenye kula chai ya chama huila kwa ada yake mwenyewe. Sheria hii ni fupi, nasi twaiona kuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

Mwaka huo huo wa 1917 kiongozi wa Rotary, Arch Klumph, alitoa shauri la kuanzisha mfuko wa kutendea mema duniani. Mchango wa kwanza, uliotoka kwa wanachama wa Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50. Kwa muda mrefu mfuko ule ulikuwa mdogo, na yamkini walikuwapo waliocheka.

Rotary ilifika Nairobi mwaka wa 1930, na Dar es Salaam mwaka wa 1949. Tusijidanganye kwamba vilikuwa vyama vya watu kama sisi. Vilikuwa vyama vya wenye maduka, mawakili na waganga wa mijini, tena kwa miaka mingi wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama; ni mwaka wa 1989 tu ambapo mlango ulifunguliwa kwao kote duniani. Mkulima wa jembe alikuwa wa kupokea, si wa kutoa, na mpaka leo baadhi ya misaada huja hivyo. Wageni hufika asubuhi, hupiga picha, huondoka mchana, na pampu ya kisima ikivunjika mwaka wa tatu hapana anayejua kipuri kinapatikana wapi. Twasema haya bila chuki.

Lakini iko kazi moja ambayo yatupasa kuwavulia kofia. Mwaka wa 1979 watu wa Rotary walianza kuwachanja watoto wa Ufilipino dhidi ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Mwaka wa 1985 wakaahidi kuuondoa ugonjwa huo duniani kote, na mwaka wa 1988 mataifa yakaungana nao pamoja na Shirika la Afya Duniani. Wakati huo watoto wapatao 350,000 walipooza kila mwaka. Fedha zilichangwa na wanachama katika maelfu ya miji, na chanjo zilibebwa na watu wa kujitolea waliotembea nyumba kwa nyumba na masanduku ya barafu begani. Hapa Tanzania mtu wa mwisho kupatwa na polio ya asili alikuwa mwaka wa 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa kuwa huru na polio hiyo. Virusi vilipoonekana tena nchini Malawi mwaka wa 2022, vikiwa vimetoka ng'ambo, watoto wetu walichanjwa tena mwaka ule ule. Hadi tunapoandika, Afghanistan na Pakistan bado hazijasalimika. Hesabu miaka tangu 1985, nawe utaona kazi ya hiari inataka pumzi ya namna gani.

Sasa tuje kwetu. Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1961 nchi hii iliitikia mwito wa kujitolea. Watu walichimba barabara, walifyatua matofali, walijenga madarasa na zahanati, na baadhi ya wazee wetu waliokuwa vijana wakati ule husimulia mambo hayo kwa fahari. Shida ilikuwa kwamba katika sehemu nyingi majengo yalikwenda mbele ya uwezo wa Serikali wa kuleta walimu, waganga na dawa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Harambee tangu mwaka wa 1963, nayo ilijenga shule zisizo na idadi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mchango wa hiari ukageuka kuwa wa lazima katika mikono ya wenye vyeo, hata mwaka wa 2003 sheria ikatungwa kuwazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha. Neno la hiari lilibaki, hiari yenyewe ikaondoka.

Hatuna haki ya kuwacheka jirani, maana nasi tumelifanya hilo, na mkono ulioandika makato yale ndio unaoandika kurasa hizi. Katika mwaka wa tatu wa Chama Kikuu, kwenye chama kimoja cha msingi, tulikata fedha katika kila kilo ya pamba ili kijengwe chumba cha kusubiria wajawazito karibu na zahanati. Haja ilikuwa kweli. Masika yakija maji hukata njia, na mama mwenye uchungu hupakiwa katika mkokoteni wa ng'ombe; hawakufika wote kwa wakati. Kwa kuwa haja ilikuwa kweli, tulidhani hapana haja ya kuuliza. Makato hayakupitishwa na mkutano. Kuta zikafika usawa wa madirisha, fedha ikaisha, na wanachama walipotaka hesabu tukawajibu kwamba itasomwa mwishoni mwa mwaka. Haikusomwa. Mvua za misimu miwili zikanyesha juu ya kuta zisizo na paa. Msimu uliofuata pamba nyingi ilipita usiku kwenda kwa walanguzi, na sisi tukawalaumu wakulima kwa kukosa uaminifu! Leo twaona aibu kwa lawama ile.

Waliokikamilisha chumba kile hawakuwa bodi. Walikuwa wanachama wapatao thelathini, wanawake wengi kuliko wanaume, ambao hata jina la kikundi hawakujipa. Walikubaliana kila mmoja kuleta debe la dengu wakati wa mavuno, au siku mbili za kazi kama hana dengu. Vijana walisomba mchanga, akina mama walichota maji, na madereva wa malori wanaopumzika Shelui waliombwa wakatoa walichoweza. Mwalimu mmoja alishika madaftari mawili, moja la ada ya wanakikundi na moja la michango ya watu, ingawa sidhani aliwahi kusikia habari za Lions. Kila mwisho wa mwezi karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ghala: misumari kiasi gani, bati ngapi, nani ametoa nini, kimebaki nini. Mtu asiyejua kusoma alisomewa. Paa likaezekwa kabla ya masika.

Kwa hiyo maoni yetu juu ya pendekezo lililo mbele ya Mkutano ni haya. Likipita, na lipitishwe na mkutano wa kila chama cha msingi, si na Halmashauri peke yake. Asiyetaka kukatwa aandikwe hivyo bila kutazamwa kwa jicho baya, na apimiwe mazao yake kama wengine. Fedha hiyo isilipe posho ya mtu yeyote, wala katibu. Na kabla jiwe la kwanza halijawekwa, iulizwe ni nani atakayelipa dawa, kipuri au mshahara wa mlinzi katika mwaka wa tano. Tukishindwa kulijibu swali hilo, tusianze. Wako watakaosema masharti haya yatachelewesha kazi. Yataichelewesha, naam. Lakini kuta zile zilisimama misimu miwili kwa sababu ya haraka yetu.

Chumba kile kina vitanda vinne, na masika yaliyopita havikukaa vitupu. Karatasi ya mwisho ya hesabu ingali imebandikwa kwenye mlango wa ghala, ila jua limeufifisha wino, na karani wa mizani ameagizwa kuiandika upya kabla ya siku ya Mkutano.